Jibu: Dhokla kwa mwenye kisukari

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye kisukari anaweza kula dhokla, kile kitafunio laini cha Kihindi, kwa kuwa haikaangwi. Anaweza, ila angalia imetengenezwaje. Ile ya asili ya Gujarat, jimbo la India, ni mchele na dengu zilizokobolewa: vinarowekwa, vinasagwa, vinaachwa usiku kucha vichachuke, kisha vinapikwa kwa mvuke. Protini ya dengu na ya mchele hukamilishana, na kule kuchachuka huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Ya harakaharaka huumuliwa kwa magadi, ambayo huongeza sodiamu, kwa hiyo mwenye presha awe makini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni cha juu. Wauzaji wengi huimwagia maji ya sukari na mafuta yenye haradali, nayo hunywa yote kama sifongo. Mtengenezee nyumbani bila sukari, vipande viwili vitatu, na chatne ya kotmiri.