Jibu: Soukous ilifikaje Cartagena?

Ndugu, umeuliza imekuwaje uhamie Cartagena, Kolombia, halafu ukute mtaa mzima unacheza magitaa ya Kikongo. Hujasikia vibaya, ni soukous yenyewe, muziki wa dansi wa Kongo uliotokana na rumba. Santuri za Afrika ziliingia pwani ile hasa miaka ya 1970, nyingi mikononi mwa mabaharia, zikanunuliwa na wenye picó, yale maspika makubwa yaliyochorwa rangi kali.

Hapo ndipo pananikosha. Ushindani ulikuwa mkali, kila mwenye picó akitaka kumiliki wimbo ambao mwenzake hana. Basi akipata santuri nzuri anabandua karatasi ya katikati, anatupa jalada, jina la mwimbaji linapotea. Wasikilizaji wakaupa wimbo jina jipya la Kihispania. Kwa hiyo ukimtajia mzee wa pale jina la asili, huenda asikuelewe. Mwimbie ile sehemu ya gitaa, utaona anavyochangamka!

Baadaye watu wa pale wakaanza kutunga nyimbo za kwao, na muziki huo ndio champeta.

Na usidhani ni bahati tu muziki huu kupendwa pale. Karibu na hapo kuna San Basilio de Palenque, kijiji cha kizazi cha watumwa waliotoroka, na lugha yao ina maneno ya Kikongo mpaka leo. Tena rumba ya Kongo yenyewe ilikuzwa na santuri za Kuba zilizofika huko miaka ya 1930.

Nenda soko la Bazurto hapo Cartagena, uliza wauza santuri wakongwe. Usione haya kuwaambia unakotoka.