Chuchu nne za popo

Je, ni kweli popo jike ana chuchu nne? Wengine ndiyo, lakini za maziwa kwa kawaida ni mbili tu, zile za kifuani karibu na kwapa. Mbili nyingine, za kinenani, ni za bandia, mtoto huzing'ata asidondoke mama akiwa angani. Niliwahi kusaidia kuwatoa popo kwenye wavu (na glavu, jamani!), kitoto kikawa kimeng'ang'ania hapo chini, kichwa kikielekea mkiani mwa mama. Kumbandua ilikuwa kazi.

Ila wenye hizo za bandia ni popo wa pua ya kiatu cha farasi na jamaa zao wachache. Popo wa matunda hana. Na popo mwekundu wa Marekani ana nne za kweli, maana huweza kuzaa watatu hata wanne.