Jiwe halisi ghorofa ya tisa: sakafu itabeba?

Swali: Habari ya kazi, msanifu. Nimenunua nyumba ghorofa ya tisa hapa Mwanza. Sebule ni mita za mraba 40 na inatazama ziwa, upande wa magharibi. Nataka sakafu yote iwe ya marumaru ya jiwe halisi, kaunta ya jikoni ya jiwe hilohilo jeupe, na ukuta unaotazamana na dirisha uvikwe mbao za mninga kutoka chini hadi darini. Fundi anasema hakuna shida, mke wangu ana wasiwasi. Nimsikilize nani?

Jibu: Msikilize shemeji, angalau kwenye sakafu.

Dukani ukisema marumaru unapewa vigae vya kiwandani. Wewe unataka jiwe, na jiwe ni mzigo. La unene wa sentimita 2 lina kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Fundi akililaza juu ya mota (saruji na mchanga) ya sentimita 5, anaongeza kilo 100 na ushee. Zidisha kwa mita zako 40: unapata zaidi ya tani 6, karibu mzigo mzima wa fuso, umeukalisha juu ya dari ya jirani yako. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamevizoea, watu na samani za nyumbani hupigiwa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Tabaka la kumalizia sakafu lina fungu lake, na ukubwa wa fungu hilo aliupanga mhandisi aliyepiga hesabu za jengo. Mtafute huyo, akujibu kwa maandishi. Akisema mzigo umezidi, kuna vigae vyembamba vya poseleni vya milimita 6 vyenye mishipa kama ya jiwe. Havifiki kilo 20 kwa mita, na hulazwa kwa gundi bila mota nene.

Uliza na vipimo vya lifti. Mimi niliwahi kuagiza bapa la granaiti la mita 3 bila kupima. Vijana sita walilipandisha kwa ngazi, likapasuka ghorofa ya nne, palepale lilipotobolewa nafasi ya sinki. Gharama ilikuwa yangu.

Jikoni, marumaru nyeupe sikushauri kabisa. Jiwe hilo ni jamii ya chokaa, na tindikali huila. Sasa fikiria sato anapakwa limau juu ya kaunta, au ukwaju umemwagika kidogo. Panabaki duara lililofifia ambalo hata usugue vipi halitoki, maana si doa, ni jiwe lenyewe limelika. Omba kipande dukani, kamulia limau, ngoja robo saa, kisha kiinamishe kwenye mwanga. Granaiti haina tabia hiyo. Ukitaka weupe, chukua mawe ya kutengenezwa ya kwatzi, ila sufuria ya moto iwekewe kitako chake, kwa sababu gundi iliyoshika mawe hayo huungua.

Mninga umechagua vizuri. Ni mti mtulivu, haujipindipindi ovyo. Tatizo ni jua. Kuanzia saa kumi jioni linaingia sebuleni likiwa limelala, na kibaraza hakilizuii. Litapiga ukuta huohuo kila siku hadi rangi ibadilike, na nyuma ya picha utakayotundika patabaki mraba wa rangi tofauti. Weka pazia zito au luva, vile vibao vya kukinga jua, kwanza. Kwa mbao nene, hakikisha zimekaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, na uache upenyo wa sentimita 1 darini zipate pa kutanukia. Mimi ningetumia vinia ya mninga, yaani utando mwembamba wa mbao, uliobandikwa juu ya plaiwudi: sura ileile, uzito mdogo.

Vitasa vya shaba weka bila hofu. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna upepo wa chumvi kama Dar. Ila madirisha yote yawe na wavu wa matundu madogo kabla hujaleta sofa ya mahameli. Wale wadudu wanaopaa kama moshi juu ya ziwa hufuata taa usiku, na ukiwaponda kwenye kitambaa wanaacha alama.

Michoro ya jengo ukiipata, nitumie ukurasa wa sakafu yako.