Re: Safari ya Dubai na watoto, usingizi hauji

Dadangu, hiyo uliyoandika ya kuamka saa nane za usiku kukagua pasipoti za safari ya Dubai naijua sana, mwaka tulioenda sisi na wanangu watatu nilizihesabu mpaka baba yao akazificha kabatini. Kilichonituliza ni kuzishika hofu moja moja, maana zikikaa kichwani zinazaana. Pasipoti hakikisha zina miezi 6 mbele toka siku ya kuingia, viza za watoto soma majina herufi kwa herufi, la binti yangu lilikosa "h" moja wallahi ndo nikajua kwa nini silali. Halafu usibananishe ndege mbili siku moja, boti ya Manda (kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu) na ndege ya Nairobi zimalize siku moja kabla ya ndege ya Dubai, mkalale kwa jamaa. Toka Nairobi ni kama masaa matano tu hewani, na saa zao zimetupita kwa moja, watoto hata hawatahisi. Achari weka begi kubwa, mkononi hawapitishi chupa ya zaidi ya mililita 100, yangu ya maembe ilibaki kwenye ukaguzi na bado inaniuma.