Niache kampuni ya usafirishaji, ninunue pikipiki zangu?

SWALI: Nauza mito na vyombo vya jikoni mtandaoni, vifurushi kama 70 kwa siku, vyote kupitia kampuni ya usafirishaji. Ankara inapanda na wateja wanacheleweshewa. Maduka makubwa yana magari yao. Nami nianze?

JIBU: Muhimu si hiyo 70, ni jinsi ilivyokaa kwenye ramani. Chukua oda za siku 90, zigawe kwa maeneo, uhesabu siku kwa siku. Wastani usikudanganye: eneo lenye vifurushi 40 Jumatatu na 6 Alhamisi lina wastani wa kuvutia, lakini Alhamisi dereva analipwa vilevile.

Kisha jumlisha gharama ya dereva mmoja kwa siku: ujira, mafuta, matengenezo, bima, uchakavu wa pikipiki. Gawa kwa nauli unayotozwa kwa kifurushi kimoja. Ukipata 25, basi kila siku lazima afikishe zaidi ya 25 ndipo uokoe kitu. Afikishe, si abebe. Akitoka na 30, sita vikarudi kwa kuwa simu haikupokelewa au anwani inasema tu "karibu na shule", amefikisha 24: hasara, na kesho sita hivyo vitamla muda tena. Anza na anwani, basi. Dai namba mbili za simu na alama inayoonekana barabarani, na umtumie mteja ujumbe asubuhi kabla mzigo haujapakiwa.

Mito yako ndiyo inayotutia wasiwasi. Wasafirishaji wengi hutoza uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000 (hakikisha kigawanyo kwenye mkataba wako). Boksi la 60 × 40 × 40 linatoka kilo 19.2, hata kama ndani mna mito ya kilo mbili. Na boksi hilo ni lita 96. Moja tu linamaliza nafasi nyuma ya pikipiki. Ibane mito kwenye mifuko ya kutoa hewa. Huenda ankara ikashuka bila kununua pikipiki yoyote.

Hao wakubwa nao hawakuacha wasafirishaji kwa siku moja. Krismasi ya 2013 vifurushi vingi vya Amazon vilichelewa Marekani wasafirishaji walipozidiwa. Mpango wake wa wakandarasi wadogo wenye magari ya kugawa mizigo ulikuja 2018, na hata baada ya hapo vifurushi vingi vya vijijini vimeendelea kupitia posta.

Nawe jaribu eneo moja lenye oda nyingi, kwa dereva wa kukodi, wiki sita. Kwingine baki na kampuni, ila soma kwanza kifungu cha idadi ya chini ya mizigo. Ukiwaondolea vifurushi vya karibu, ukawaachia vya mbali tu, watapandisha nauli, na hesabu yako yote inabadilika.

SWALI: Dereva apokee fedha taslimu?

JIBU: Ikibidi, funga hesabu jioni ileile: vilivyotoka, vilivyofika, vilivyorudi, fedha mkononi. Tofauti ikilala hadi kesho, ni vigumu kuipatia chanzo.