Rangi ya nywele nyumbani au saluni: niliyojifunza kwa mvi zangu na kwa piko

Mvi zangu zilianza nikiwa na miaka 27, kwanza tatu au nne juu ya sikio la kushoto, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimeshika mstari wote wa mbele. Kwa upande wa baba yangu jambo hilo si geni, kwani shangazi zangu wa Tanga walikuwa na vichwa vyeupe kabla ya kufika miaka 40. Nimekuwa nikipaka rangi tangu wakati huo, miaka mingine nikijipaka mwenyewe nyumbani na miaka mingine nikikaa kwenye viti vya saluni za Dar es Salaam, na kwa kuwa ndugu na majirani huniuliza mara kwa mara kama ni heri kununua boksi dukani au kumlipa msusi, nimeona niandike kwa kirefu yale yaliyonipata, pamoja na lile moja ambalo nusura linifumbe macho.

Ikiwa unachotaka ni kuficha mvi kwa rangi iliyo karibu na rangi yako ya asili, nyumbani panatosha, mradi uwe na subira na mtu wa kukusaidia kisogoni. Rangi ya kudumu hufanya kazi kwa vitu viwili vinavyochanganywa dakika ile ile ya kupaka: krimu ya rangi, ambayo mara nyingi huwa na amonia ya kufungua magamba ya unywele, na maji au maziwa yenye peroksaidi, ambayo huiamsha ile rangi ikiwa tayari imeshaingia ndani. Chupa ya peroksaidi huandikwa namba, na namba hizo si mapambo: 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9 na 40 ni asilimia 12. Kwa kuficha mvi, 20 ndiyo inayotumika. Ukiona muuzaji anakushawishi uchukue 40 ili rangi "ishike vizuri", mwache na dawa yake, kwa sababu nguvu hiyo ni ya kung'arisha nywele na si ya kuzitia weusi, na ngozi ya kichwa huiona mapema kuliko mvi.

Mimi hujipaka nikiwa nimekaa kwenye kigoda barazani, mchana, kwa kuwa mwanga wa taa huficha mvi ambazo jua litazianika kesho yake. Mafuta ya mgando nayapaka kwenye paji la uso, juu ya masikio na shingoni, kisha nachanganya kwenye bakuli la plastiki wala si la chuma, navaa mipira ya mikono, na kugawa kichwa mafungu manne kwa kitana cha mkia. Mdogo wangu ndiye anayemalizia kisogo. Rangi ikishaenea naiangalia saa, kwa kuwa kila boksi lina dakika zake, nyingi zikiwa kati ya 30 na 45, na hakuna faida yoyote ya kulala nayo.

Kosa nililolifanya kwa karibu miaka miwili, na ambalo naliona kwa wanawake wengi wanaojipaka, lilikuwa kupaka kichwa kizima kila mara, tangu shinani hadi ncha. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, na hiyo sentimita ndiyo yenye mvi. Zilizobaki zina rangi tayari. Nilipozirudia kila mwezi, ncha zilikuwa nyeusi kama mkaa, zikakauka, zikaanza kukatikia kwenye kitana, ilhali shinani zilikuwa na rangi ya kawaida. Msusi mzuri hupaka zilizoota tu, na zile za chini huzipitishia rangi mara chache, dakika tano za mwisho kabla ya kuosha. Hili unaweza kulifanya nyumbani bila gharama yoyote ya ziada, isipokuwa utulivu wa mkono.

Kung'arisha ni habari nyingine kabisa. Nilipofika miaka 30 nilichoka na weusi, nikanunua boksi la kahawia lenye picha ya mwanamke mwenye nywele zinazong'aa, nikalipaka juu ya nywele zile zile nilizozitia rangi nyeusi kwa miaka kadhaa. Matokeo yake yalikuwa shina la rangi ya chungwa lenye upana wa vidole viwili, na chini yake weusi ule ule wa zamani usioguswa. Sikuwa nimeelewa jambo ambalo kila msusi aliyesomea rangi analijua, kwamba rangi haiondoi rangi. Nywele nyeusi zinapong'arishwa hupita kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, na boksi la dukani huishia njiani. Tena joto la kichwa huharakisha kazi shinani, ndiyo maana hapo ndipo palipowaka kuliko kwingine. Ili kuondoa weusi wa kupakwa inabidi iingie blichi, na blichi mikononi mwa asiyeijua, hasa kwenye nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha, huziua.

Siku iliyofuata nilikwenda saluni moja mtaa wa pili nikiwa nimejifunga kilemba. Mama mwenye saluni alikaribia miaka 60, na kabla ya kugusa chochote aliniuliza ni lini mara ya mwisho niliweka dawa. Nilimwambia siku tano. Akang'oa unywele mmoja, akauchovya kwenye glasi ya maji, akaushika ncha mbili na kuuvuta taratibu mbele ya macho yangu. Unywele wenye afya hunyumbuka kidogo kisha hurudi. Wa kwangu ulirefuka kama ubani wa kutafuna, haukurudi, ukakatika. "Mwanangu," aliniambia, "nikikutia blichi leo utaondoka na nywele zako kwenye mfuko." Alinitia kahawia nzito shinani ili zifanane na za chini, akapunguza ncha, akanipangia kufanya stimu kila baada ya wiki mbili, na akanikataza dawa pamoja na rangi ya kung'arisha kwa miezi mitatu. Alikuwa na uwezo wa kunitoza fedha nyingi siku ile nami ningelipa bila kubisha, lakini hakufanya hivyo. Tangu hapo, ninaposema saluni inafaa, ninamaanisha mtu wa namna yake, anayekuuliza maswali kwanza na aliye tayari kukukatalia. Mtu akikubali kukuwekea dawa na kukung'arisha nywele siku moja, inuka kitini hata kama ameshakufunga taulo, kwa sababu kati ya kazi hizo mbili zinahitajika walau wiki mbili, na kwa nywele zilizochoka zaidi ya hapo.

Hata hivyo, jambo ambalo hasa limenifanya niandike ni piko.

Niliolewa nikiwa na miaka 32, na kama ilivyo desturi ya pwani yetu, mpambaji alinichora hina nyekundu viganjani na miguuni, kisha akaizungushia maua ya piko nyeusi hadi karibu na viwiko. Wasomaji wa bara huenda wakadhani piko ni aina ya hina. Sivyo. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa, na rangi yake huanzia chungwa hadi wekundu uliokolea. Hakuna jani la hina linalotoa weusi wa lami. Piko inayotumika sana siku hizi ni unga ule ule mweusi wa kupakia nywele na ndevu, unaokorogwa kwa maji na kuchorwa moja kwa moja kwenye ngozi. Kinachoutia weusi huo ni kemikali inayoitwa parafenilinidaiamini, ambayo kwenye maboksi hufupishwa PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na unakataza kabisa kuipaka kwenye ngozi. Mikononi mwetu inachorwa bila kipimo chochote, na inaachwa hadi ikauke.

Siku ya nne baada ya harusi, ua moja kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia lilianza kuwasha, likatoa vipele vidogo vyenye maji, likapona baada ya wiki mbili. Nilidhani ni joto. Miezi minne baadaye nilikwenda saluni tofauti na ile ya yule mama, wakanipaka rangi nyeusi ya unga. Niliuliza kama hawataijaribu kwanza kwenye ngozi yangu, na binti aliyenihudumia alijibu kwa upole kabisa, "Dada, si umesema umepaka rangi miaka yote? Basi huna tatizo." Nami nilikubaliana naye, kwa sababu hoja yake ilionekana ya kweli.

Usiku ule sikusikia kitu. Asubuhi nyuma ya masikio palikuwa panawasha, jioni mstari wa nywele ulikuwa umejaa vipele na unatoa maji, na nilipoamka siku ya tatu kope zilikuwa zimevimba hata jicho la kulia halikufunguka. Mume wangu alinishika mkono kuniingiza hospitali. Daktari hakuuliza kwanza juu ya rangi niliyopaka, aliuliza kama niliwahi kupaka piko, akaniomba nimwonyeshe mikono. Kwenye kifundo, lile ua lilikuwa bado linaonekana kwa weupe hafifu, jani kwa jani. Alinieleza kwamba mwili wangu ulijifunza kuikataa ile kemikali siku ya piko, na kwamba ukishajifunza hausahau. Miaka yote niliyopaka rangi bila madhara haikuwa kinga. Nilitumia vidonge na krimu kwa siku kadhaa, na ngozi ya kichwa iliendelea kubambuka kwa mwezi mzima.

Kwa sababu hiyo nasisitiza jaribio la ngozi, liwe la nyumbani au la saluni. Tone dogo la rangi, lililoandaliwa kama karatasi ya maelekezo inavyosema, lipakwe nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na kuachwa saa 48. Nusu saa haitoshi, kwa kuwa mzio wa namna hii kwa kawaida huchelewa, na mtu aliyejaribiwa asubuhi na kupakwa mchana hajajaribiwa. Lifanyike kila mara, hata kwa boksi unalolijua. Ukienda saluni, pita Alhamisi upakwe tone, urudi Jumamosi kwa kazi yenyewe. Saluni nzuri haitaona usumbufu. Lakini ikiwa piko iliwahi kukuwasha, kukutoa malengelenge au kukuachia alama, usijijaribu kabisa. Muone daktari wa ngozi, na umwambie pia daktari wa meno, maana baadhi ya watu wenye mzio huu hudhurika pia na dawa ya ganzi aina ya benzokaini.

Maneno ya kwenye boksi nayo yasikulaghai. "Haina amonia" haimaanishi haina PPD. "Hina nyeusi" ya pakiti mara nyingi ni ile ile rangi ya kemikali iliyochanganywa na majani kidogo, na nyingine zina chumvi za madini ambazo zikikutana na peroksaidi au blichi huchemka kichwani na kuharibu nywele, kwa hiyo ukiwahi kuzitumia mwambie msusi wako kabla hajaanza. Soma orodha ya viambato, hata kwa miwani ya jirani, na hapa Tanzania tafuta alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao ndio wanaosimamia vipodozi tangu 2019. Unga unaouzwa kwenye kijikaratasi kisicho na maandishi yoyote usiupeleke nyumbani, bei yake iwe ndogo kiasi gani.

Siku hizi napaka hina safi na nili. Hina naikoroga kwa maji ya uvuguvugu na ndimu, naiacha ilale usiku mmoja, naipaka kwa saa tatu na kuisuuza. Mvi zinatoka na rangi ya shaba. Kisha nakoroga unga wa majani ya nili kwa maji na chumvi kidogo, nao haungoji, ni wa kupaka papo hapo, na baada ya saa moja na nusu shaba inageuka kahawia nzito inayokaribia weusi. Kazi hiyo inakula Jumapili yangu nzima, harufu yake ni ya majani mabichi, na maji yetu ya kisima yenye chumvi huifanya ipauke mapema. Nilianza nayo baada ya daktari kunikubalia, na kila pakiti mpya ya nili huijaribu nyuma ya sikio, kwa kuwa zipo zinazochanganywa kwa siri.

Mwaka jana tulimwoza mdogo wangu kule Tanga, na binti yangu wa miaka 9 alitaka kuchorwa kama mashangazi zake. Nilikataa asipakwe piko. Mama mkwe wangu aliona nazidisha, tukazungumza jikoni kwa muda mrefu, nikamwonyesha lile ua kwenye kifundo changu. Mpambaji aliandaa hina pembeni kwa ajili ya watoto, akaikoroga mbele yetu kwa ndimu bila kuitia kitu kingine. Siku ya kwanza ilikuwa ya chungwa na binti akasikitika. Siku ya pili ilikolea, ikawa nyekundu kama tofali.