Maswali ya Wafumaji: Jina Limebonyea Kwenye Boshori

Swali: Nilichora NAKURU kwenye karatasi ya miraba, herufi zikapendeza. Kwenye boshori zimetoka fupi na pana, tena penye jina pamebana hata kofia haishuki kichwani. Tatizo ni nini? *Msomaji, Njoro*

Jibu: Kufupika kulianzia kwenye karatasi. Mraba una pande sawa, lakini mshono ni mpana kuliko kimo chake. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha rangi mbili, kwa mduara kama kofia yenyewe, kisha pima sentimita 10 katikati. Tuseme umepata mishono 22 kwa upana na mizunguko 30 kwenda juu. Herufi ya mishono 5 kwa mizunguko 7 itakuwa kama sentimita 2.3 kila upande, yaani kibonge. Ipandishe hadi mizunguko 9, ifike sentimita 3.

Sasa hesabu. Kichwa cha sentimita 56, toa 5 ili boshori ishike. 51 mara 2.2 (mishono ya kila sentimita) ni mishono 112, na 112 hugawanyika kwa 8, jambo litakalokufaa ukianza kupunguza utosini. Mbele mishono 56, nyuma 56. NAKURU ni herufi sita za mishono 5 na nafasi tano za mshono mmoja mmoja: 35. Zinabaki 21, zinazotosha picha ya heroe (ndege flamingo) wa mishono 15 na nafasi ya 3 kila upande. Miguu yake usiifume. Mshono mmoja mmoja humezwa na rangi ya msingi; ishonee juu mwishoni kwa sindano butu, ukifuata V ya kila mshono.

Kubana ni kosa jingine. Uzi usiotumika unapita nyuma ukiwa umekazwa. Kabla ya kubadili rangi, tandaza mishono iliyo kwenye sindano ya kulia, ndipo ufume unaofuata. Uzi ukiruka zaidi ya mishono 5, unase katikati kwa uzi unaofuma, ila si mahali palepale kila mzunguko, maana utachungulia mbele. Uzi wa herufi upite chini ya ule wa msingi siku zote. Ukichanganya, herufi moja itakoza na jirani yake ififie, halafu lawama apewe muuza nyuzi! Na usijaribu kunyoosha kwa pasi: akriliki ikipata joto kali hulegea, hairudi.

Swali: Jina nimeliweka kwenye ukingo wa kukunja. Nikikunja, linajificha ndani na nje naona nyuzi za nyuma tu. *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Ukikunja, upande wa ndani hutoka nje na chini huwa juu. Kwa hiyo anza na ukingo, ukiwa umezungusha mchoro kichwa chini (usiuchore kinyume kama wa kioo). Ukingo ukiisha, geuza kazi ndani nje, fuma mwili ukirudi ulikotoka. Kitundu kitabaki pale ulipogeukia. Kizibe kwa mkia wa uzi.

Swali: Kwa nini jina langu linasomeka kinyume? *Msomaji, Molo*

Jibu: Umeusoma mchoro kama gazeti. Kwenye mduara, kila mstari husomwa kulia kwenda kushoto, kuanzia chini. Ukifuma MOLO, herufi ya kwanza kufika kwenye sindano ni O ya mwisho.